Ng'ombe Hashuki Ngazi

Kwetu Kwemkunde pembe ikilia alfajiri, huulizi kitu. Unavaa nguo ya kazi, unachukua jembe, unafuata sauti. Huo ndio msaragambo. Mtu akisimama mlangoni na kusema, "Kwani leo kuna kazi gani?" majirani wanajua anatafuta njia ya kukwepa, na mkewe anaona aibu hadi Ijumaa inayofuata. Kwa hiyo tunachimba, tunabeba, tunakula makande, na ikifika jioni tunaangalia tulichojenga na kuanza kukisia.

Hakuna aliyeipenda desturi hii kama Kibwana, mwenyekiti wetu wa kijiji. Alikuwa nyapara kwenye shamba la mkonge upande wa Korogwe kwa miaka mingi, mpaka shamba likapata mwenye mali mpya, naye mwenye mali mpya akaja na manyapara wake. Kibwana akarudi nyumbani na baiskeli, kofia ya kazi, na sauti ambayo ilikuwa imezoea kusikika hadi mwisho wa mistari ya mkonge. "Kazi kwanza," alipenda kusema, "maneno baadaye." Maneno yenyewe mara nyingi hayakuja kabisa, kwa sababu kazi nyingine ilikuwa imeshaanza.

Miaka ile ya soko huria ilimfaa sana. Serikali ilikuwa inajitoa kwenye hili na lile, na mashirika yalikuwa yanaingia, kila moja na saruji yake. Kijiji kilikuwa kimeomba ghala, kimeomba vyoo vya shule, kimeomba maji ya msikiti, na kwa midomo ya wafugaji kilikuwa kimeomba josho la ng'ombe. Siku lori la saruji lilipotoka barabara kuu pale Kabuku na kuja kumwaga mifuko mbele ya ofisi ya kijiji, kila mtu aliona mifuko yake.

Lakini saruji ile ilikuwa na mwenyewe, naye alikuwa Nalotuesha.

Nalotuesha ni mjane. Boma lake liko upande wa mbuga, nje kidogo ya kijiji. Mume wake alimwachia ng'ombe, na kupe walikuwa wanawamaliza. Ndama alikuwa anaamka na homa, tezi zimemvimba, na baada ya siku chache ngozi yake inaanikwa. Ndigana kali haina huruma na mjane. Metito, mdogo wa marehemu, ndiye aliyekuwa anachunga kundi lile, na kila kiangazi alilishusha karibu na mto Pangani kutafuta majani. Safari hii alikuwa amesema wazi.

"Shemeji, mimi siwezi kuchunga mizoga. Mvua ya kwanza ikinikuta hapa na hakuna josho, nafungasha. Naenda na ng'ombe Morogoro, kwa watu wenye josho."

"Na mimi nitabaki nalinda nini? Majivu?"

"Utanifuata."

"Nina binti Korogwe mwenye mimba. Nina kaburi la kaka yako hapa. Nikufuate nikafanye nini? Nikapige hodi kwa wake zako?"

Metito hakubadili neno. Ndipo Nalotuesha akaanza kutembea. Alimfuata Rehani, bwana mifugo, ambaye wakati huo alikuwa peke yake kwa vijiji vingi na pikipiki yake ilikuwa inaishi kwa kuazima petroli. Rehani akalitafuta shirika, shirika likaleta saruji. Mama huyu asiyejua kusoma alikuwa ameleta lori Kwemkunde.

Rehani alikuja kumweleza Kibwana jinsi ya kujenga. Wakakaa barazani kwa Kibwana, na Fatu, mke wa mwenyekiti, akaleta chai.

"Ni handaki refu jembamba," Rehani akasema. "Upande mmoja ukuta wima, na hapo ndipo kina kinakuwa kirefu. Upande wa pili ngazi. Sasa, sababu yake ni hii—"

"Ukuta huku, ngazi kule," Kibwana akasema. "Limekaa kichwani."

"Ngoja, mwenyekiti. Sababu yake—"

"Bwana Rehani, sababu tutakutana nayo kazini. Kunywa chai. Petroli yako inapoa."

Rehani alicheka, akanywa chai, akaondoka kwa sababu kulikuwa na kijiji kingine kinamngoja na jua lilikuwa limeshapanda. Fatu alikusanya vikombe.

"Umeelewa alichosema?" akauliza.

"Mke wangu, nimechimba mifereji kabla yule kijana hajaota meno."

Nalotuesha naye alipita asubuhi iliyofuata, kifurushi begani, akienda Korogwe kumsubiri binti yake Naserian ajifungue. Alisimama mbele ya nyumba, akasalimia vizuri, halafu akasema, "Mwenyekiti, usisahau tu. Ng'ombe lazima waruke."

"Wataruka, mama, watacheza na ngoma! Nenda kamwangalie mjukuu. Josho utalikuta."

Kesho yake pembe ikalia.

Tulichimba. Udongo wa Handeni wakati wa kiangazi unalia chini ya jembe kama sufuria, lakini tulichimba. Mahali palikuwa pazuri, karibu na lambo, shamba la mzee Mbaruku likiwa upande wa mashariki na uwanda mtupu upande wa magharibi. Kibwana alikuwa anapita juu ya ukingo huku mikono iko mgongoni. Kwa kuwa hatuulizani, kila mmoja alijichimbia la kwake. Wanawake walikuwa wameridhika kwamba ni mahali pa kufulia. Vijana walisema ni msingi wa ukumbi wa video. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, ajira zimefungwa, nimerudi nyumbani na cheti na matumaini, na nilibeba mchanga kwa furaha kubwa nikiamini tunajenga maktaba.

Kibwana peke yake ndiye aliyejua ni josho. Shida ni kwamba hakuwahi kuona josho. Alichowahi kuona ni shimo la kuoshea matrekta kule kwenye mkonge: trekta linaingia taratibu, vijana wawili wanakaa pembeni na brashi, wanasugua. Akachukua trekta kichwani mwake, akaweka ng'ombe mahali pake. Ngazi akaziweka upande wa magharibi, upande wa mbuga wanakotokea ng'ombe, ili waingie kwa heshima. Ukuta wima ukawa upande wa shamba la Mbaruku. Na ndani ya handaki, huku na huku, akaagiza vibaraza vya kukalia waoshaji.

Fundi alitoka Vugiri, juu milimani. Aliitwa Simeo, mtu mrefu mpole aliyeshuka kwenye basi na sweta lake la baridi ya kwao, akakataa kulivua siku nzima ya kwanza kwa sababu hakutaka wenyeji wadhani amelidharau joto lao. Kule kwao nyumba zimekaa kwenye miteremko, na bila ngazi mtu hafiki jikoni kwake. Simeo alikuwa fundi wa ngazi jinsi watu wengine walivyo waimbaji.

"Mwenyekiti, samahani," aliuliza siku ile ya kwanza, "hii kazi ni ya—"

"Fundi! Wewe mgeni, nakusamehe. Kwenye msaragambo hatuulizani."

Simeo akaona haya. Akatazama handaki. Refu. Jembamba. Litajaa maji. Ngazi zinashuka ndani ya maji, na pembeni kuna mahali pa watu kukaa watazame. Akakumbuka wahubiri wa Korogwe wanaobatiza kwa kuzamisha mtu mzima, na akakumbuka kwamba kwenye maboma ya wafugaji wako waliookoka juzijuzi. Yeye mwenyewe alibatizwa akiwa mtoto, kwa maji ya kujaa kiganja, lakini hakuwa mtu wa kubagua. Akasema moyoni, basi, kama ni ubatizo, uwe ubatizo wenye ngazi nzuri. Akazilainisha zile ngazi kwa mwiko mpaka zikang'aa kama sahani. Akaongeza bomba la chuma la kushikia, ili bibi kizee asiumie nyonga siku ya wokovu wake.

Kando yake alifanya kazi mzee Mbaruku, anayeutunza msikiti wetu. Mbaruku alikuwa ameomba maji ya kutawadhia kwa miaka, na alipoona vibaraza vya kukalia vinajengwa juu ya mahali patakapokuwa na maji, hakuhitaji kuambiwa. Ilimbidi ageukie pembeni ili tusimwone anajifuta macho. Kuanzia hapo alibeba mawe ya watu wawili.

Nilikuwa nachanganya zege karibu nao siku moja, nikawasikia.

"Fundi," Mbaruku akasema, "mimi nataka nikushukuru. Wewe dini yako nyingine, lakini unavyolainisha hizi ngazi, mtu angedhani ni za kwenu."

Simeo akashusha mwiko. "Mzee wangu, mimi ndiye wa kushukuru. Mtu wa msikitini kubeba mawe namna hii kwa ajili ya wenzake! Kwetu sijaona."

"Aa, hata wewe."

"Hapana, hata wewe."

Wakapeana mikono iliyojaa saruji. Mbaruku akaenda kumletea fundi embe la nyumbani kwake, na toka siku ile mchana walikula sahani moja. Kwangu mimi, kijana mwenye maktaba yake kichwani, hiyo ilikuwa ndiyo Tanzania niliyosoma habari zake.

Kazi ikaisha. Pampu ya shirika ikavuta maji kutoka lambo, ikajaza. Handaki lilikuwa zuri kweli. Watu walitoka hadi vijiji vya jirani kuja kulitazama, wakasifu, na kwa adabu hawakuuliza.

Nalotuesha alirudi siku mawingu yalipoanza kujipanga juu ya milima ya Usambara. Alikuwa na mjukuu wa kiume Korogwe, na uso wake ulikuwa umejaa habari hizo. Lakini kabla hajafika bomani alikutana na Metito njiani. Ng'ombe wote walikuwa naye, na punda walikuwa wameshafungwa mizigo: vibuyu, ngozi, sufuria, vyote.

"Shemeji, nimesikia kuna mjukuu. Hongera."

"Asante. Hao punda wanaenda wapi?"

"Inategemea hilo josho lako. Yale mawingu unayaona."

"Nayaona."

"Basi twende tukalione."

Rehani naye alikuwa amefika na dawa kwenye kopo, amelifunga nyuma ya pikipiki kama mtoto mchanga. "Dawa hii ni ya kujaza mara moja tu," alisema. "Ikiharibika, msimu huu hakuna nyingine. Kwa hiyo kwanza tujaribu kwa maji matupu." Hilo, namshukuru Mungu, alilimaliza kulisema kabla mwenyekiti hajamkata.

Kijiji kizima kilikuwa pale. Vumbi la ng'ombe lilipotokea upande wa mbuga, mzee Mbaruku aliruka juu.

"Wafukuzeni! Ng'ombe hao wanakuja kwenye birika!"

"Birika?" akasema Simeo. "Birika lipi, mzee?"

"La kutawadhia. Hili hapa."

"Mzee wangu... hili si la ubatizo?"

"La nani?"

"Kwani si la kufulia?" mama mmoja akauliza, beseni la nguo likiwa tayari kichwani.

Nikataka kusema maktaba, nikanyamaza.

"Kimya!" Kibwana akapaza sauti ya mistari ya mkonge. "Hili ni josho. La ng'ombe. Mnadhani nini?"

Simeo na Mbaruku wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Mbaruku alikaa chini polepole juu ya tofali, na fundi akaenda akakaa kando yake, na wote wawili wakaziangalia zile ngazi.

Nalotuesha alikuwa ameshafika ukingoni. Akatazama ngazi. Akatazama ukuta wima kule ng'ambo. Akatazama vile vibaraza.

"Mwenyekiti, hivi ni nini?"

"Vibaraza."

"Vya nani?"

"Vya waoshaji. Mmoja anakaa huku, mmoja huku, ng'ombe anapita katikati, wanamsugua. Hata trekta tuliliosha hivyo hivyo."

"Mwenyekiti. Ng'ombe wangu ana magurudumu?"

Metito alicheka mpaka akaegemea fimbo yake. "Acha, shemeji, acha! Mwenyekiti kajenga, na tuone." Kabla Nalotuesha hajamzuia, akampiga mluzi jike mkubwa wa rangi ya majivu aliyekuwa akiliongoza kundi, akamsukuma kuelekea ngazini huku kamba imefungwa kwenye pembe zake.

Yule ng'ombe alifika kwenye ngazi ya kwanza, akainusa. Akalitazama bomba la kushikia. Akashuka ngazi moja kwa uangalifu, kama mama mkwe anayeingia ukumbini. Akashuka ya pili. Kwenye ya tatu uzuri wa kazi ya Simeo ukamshinda. Kwato zikateleza, akakaa kitako, akateleza hadi chini, na akasimama katikati ya vibaraza viwili, maji yanamfika tumboni. Hakuweza kwenda mbele, kwa sababu mbele kulikuwa na kina na ukuta. Hakuweza kugeuka, kwa sababu ya vibaraza. Akainama, akanywa maji.

"Mwenyekiti," Fatu akasema, "mgeni wako kakaa. Mletee chai."

Sasa watu walicheka. Metito tu ndiye aliyekuwa ameacha kucheka. Aliangalia mawingu, akaenda kwa punda wake, akaanza kukaza kamba za mizigo moja baada ya nyingine. Nalotuesha alimwona. Sote tulimwona anamwona. Ule uso uliokuja na habari za mjukuu ulikuwa umezimika.

"Avutwe!" Kibwana akaamuru, kwa sababu kuamuru ndiko alikokujua. Akazunguka mwenyewe mpaka ng'ambo, juu ya ukuta wima, akarushiwa kamba, akaizungusha mkononi mara mbili. "Mimi navuta huku, nyie sukumeni! Moja, mbili—"

Ng'ombe hakungoja tatu. Aliona mtu mwenye kofia anamvuta kuelekea kwenye kina, akaamua kurudi alikotoka, kinyumenyume, kwa nguvu zote alizopewa na Mungu. Kamba ilikaza. Mwenyekiti wa kijiji aliondoka juu ya ukuta kama mtu aliyeitwa ghafla. Akatumbukia kwenye kina, akapotea mwili wote, kofia ikabaki inaelea. Halafu ng'ombe akaendelea kurudi nyuma, akipapatika juu ya ngazi, na kamba ikamleta Kibwana naye: akapita chini ya maji, akapita katikati ya vibaraza, akapanda ngazi zote kwa tumbo, na akatokea upande wa magharibi miguuni pa mkewe, mzima, amelowa maji kutoka utosini hadi kisiginoni.

Fatu akavuta miguu nyuma, kanga isilowe.

"Hivyo!" Nalotuesha akapiga kelele. "Hivyo ndivyo!"

Alimkimbilia Kibwana, akamshika sikio mbele ya wapiga kura wake wote. "Njooni mtazame. Sikio limelowa? Limelowa mpaka ndani. Kisogo? Kwapa? Kila mahali. Sasa mtazameni ng'ombe wangu. Amelowa wapi? Tumbo tu. Kupe hawakai tumboni tu, jamani! Wako masikioni. Wako chini ya mkia. Wanakaa mahali ambapo wewe na brashi yako mtaumizwa mateke. Ng'ombe anatakiwa azame mwili wote, mara moja, hata kichwa, ndipo dawa imfikie kupe pale alipojificha. Na ng'ombe gani atakubali kuzama kwa hiari yake? Ukimpa ngazi, atasimama. Lazima mahali pa kuingilia pamshtue, aruke. Ngazi ni za kumtoa!"

Halafu ilionekana kama taa inapita uso mmoja kwenda mwingine.

"Kumbe ukuta ndio mlango," Simeo akasema taratibu.

"Ndiyo maana kina kiko kule," akasema mama wa beseni.

Kibwana alikuwa bado amekaa chini, anatoa maji sikioni. "Na huyo Rehani mbona hakuniambia?"

Rehani akainama kukagua kifuniko cha kopo lake la dawa.

Jambo lilikuwa rahisi kulisema: ng'ombe waingie upande wa mashariki, watoke upande wa magharibi. Lakini upande wa mashariki kulikuwa na shamba la Mbaruku, limelimwa tayari, linangoja mvua. Ili ng'ombe wafike kwenye ukuta, ilibidi wapite shambani, na wangoje shambani. Watu wote wakamgeukia mzee ambaye saa hiyohiyo alikuwa amenyang'anywa birika.

Nalotuesha alimwendea, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee Mbaruku."

"Marahaba, mwanangu."

"Umesikia mwenyewe. Sina la kukuficha. Yule pale anakaza kamba ni shemeji yangu. Mvua ikianza na ng'ombe hawajaogeshwa, anaondoka nao, na mimi naachwa na boma tupu. Naomba njia shambani kwako."

Mbaruku alifikiri. "Ngoja kwanza, niulize." Na nadhani ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kutamkwa kwenye msaragambo. "Wakija, wanangoja wapi?"

"Tutaweka uzio wa miiba pembeni mwa shamba lako. Hawatatoka nje yake."

"Wanangoja muda mrefu?"

"Wakiwa wengi, nusu siku."

"Na wakati wanangoja wanafanya nini?"

Nalotuesha akaona haya kidogo. "Mzee, wanafanya kile ng'ombe anachofanya akisimama."

"Wote?"

"Wote."

Mzee akatazama udongo wake uliochoka. "Uzio huo," akasema, "mwaka huu ukae pale kwenye kona ya mihogo. Mwakani tuusogeze katikati. Mwaka wa tatu upande wa barabara."

"Mzee, unataka shamba lako lote—"

"Mimi nimeuliza tu," Mbaruku akasema, na tabasamu likaanza kumrudia. "Halafu hiyo pampu ya lambo, haiwezi kufika msikitini?"

Rehani akasema inaweza, mpira ukiwa mrefu.

Kibwana alikuwa ameshasimama. Maji yanamchuruzika, lakini mkono ulikuwa umeshaishika pembe na kuipeleka mdomoni. Fatu akaikamata.

"Kwanza sema."

"Niseme nini?"

"Tunafanya nini, na kwa nini."

Mwenyekiti alitutazama. Sijawahi kumwona akitafuta maneno; siku zote alikuwa na amri. "Tunavunja vile vibaraza," akaanza, "ili ng'ombe apite bila kukwama. Fundi anachubua zile ngazi na kung'oa bomba, ili asiteleze wala asigonge. Tunafungua njia kwa mzee Mbaruku, ili ng'ombe aingilie ukutani." Akasimama. Akamtazama Nalotuesha, na sauti yake ikashuka mpaka watu wa nyuma wakasogea. "Ili huyu mama asibaki na boma tupu. Mimi nilijua ni josho. Sikujua ni la nini."

Pembe haikupigwa. Watu walikuwa wameshaondoka kwenda kufanya.

Tofauti niliiona kwa macho yangu. Hakuna aliyesimamiwa. Wanawake waliona kwamba njia ya kuingilia ingekuwa na vumbi la kuchafua dawa, wakaleta mawe ya kuitandika. Vijana wa ukumbi wa video walikata miiba na kuipanga kama uchochoro unaopungua upana, wakisema ng'ombe akiona mwenzake yuko nyuma yake hatapata nafasi ya kubadili mawazo. Simeo ndiye aliyepata kazi ngumu kuliko wote. Alichukua tindo na nyundo, akapiga magoti juu ya ngazi zake, akavuta pumzi, na akaanza kuzitia makovu. Mbaruku alikaa kando yake akimshikia tindo.

"Pole, fundi."

"Zilikuwa nzuri, mzee."

"Zilikuwa nzuri sana. Chubua na hapa, kwato itapita hapa."

Kesho yake, Rehani akamimina dawa, akakoroga kwa mti mrefu. Metito alikuwa amelala karibu na punda wake waliofungwa mizigo, na asubuhi mawingu yalikuwa yameshuka hadi ungedhani unaweza kuyagusa kwa fimbo. Kundi likaingizwa kwenye uchochoro wa miiba. Yule jike wa majivu ndiye alikuwa mbele tena. Akafika kwenye ukingo. Akatazama maji. Nyuma yake wenzake wakamsukuma. Nalotuesha aliyekuwa ameshika kitambaa chake mdomoni akasema neno moja kwa Kimaasai, polepole, kama anavyosemeshwa mtoto.

Ng'ombe akaruka.

Maji yalitulowesha sote mpaka Rehani. Akazama, pembe, masikio, mkia, vyote. Akaibuka anapiga chafya, akaogelea, akashika ngazi za Simeo, na akatoka upande wa magharibi bila kuteleza hata mara moja, anatikisa kichwa kana kwamba ametukanwa. Nyuma yake akaruka wa pili, na wa tatu. Watoto walipiga makofi kwa kila mmoja. Simeo alikuwa anasema "Panda, panda, panda," chini kwa chini, na kila ng'ombe alipofika juu, fundi alimshika Mbaruku bega.

Walipoisha wote, wakasimama uwandani wakachuruzika na kukauka. Alasiri ndipo ngurumo ya kwanza ikasikika. Rehani akapiga kelele turubai liletwe lifunike josho, watu wakakimbia huku na huku, na matone yakaanza kuanguka, makubwa, yanachimba vumbi.

Nalotuesha alibaki amesimama. Metito alikuwa mbele yake, fimbo begani, punda tayari nyuma yake. Ng'ombe walikuwa wameogeshwa, lakini kamba za safari alikuwa amezikaza tangu jana, mvua ile alikuwa ameitaja yeye mwenyewe kwa kinywa chake, na Metito si mtu wa kurudisha neno. Matone yalizidi. Yakawa mvua. Maji yakawa yanatiririka kwenye paji la uso wa Metito na kudondoka kidevuni, na bado akasimama anatazama kundi lililokuwa likila majani kwa utulivu.

"Mvua ya kwanza," Nalotuesha akasema, maana alikuwa hawezi tena kungoja.

Metito akaangalia juu, maji yakamwingia machoni.

"Hii?" akasema. "Haya ni manyunyu tu, shemeji."

Nalotuesha alimtazama. Radi ikapiga upande wa Kabuku. Kanga za Fatu zilikuwa zimeganda mwilini, na Kibwana alikuwa ameshalowa mara ya pili ndani ya siku mbili.

"Ndiyo, shemeji," Nalotuesha akasema. "Manyunyu."

Metito akageuka, akaanza kuwafungua punda mizigo, ili sufuria zisijae maji.